Kocha Pat Summitt (Sehemu ya 4)

Jana tuliishia 1974: binti wa miaka 22 anakabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee, jezi anafua mwenyewe, gari la timu anaendesha mwenyewe.

Sasa sikia hii. Septemba 1990 yuko Pennsylvania nyumbani kwa mchezaji anayemtaka, chupa ikapasuka. Jamani! Mimi ningemkimbiza wodi ya wazazi palepale. Yeye akapanda ndege, akajifungulia Tennessee.

Mwaka 2011 akaambiwa ana Alzheimer. Huku kwetu wengi wangesema karogwa, wakamfungia ndani. Yeye alitangaza hadharani, akafundisha msimu mmoja zaidi. Aliondoka 2012 na ushindi 1,098, ubingwa wa taifa mara 8. Alifariki 2016.