Tungule za Vesuvius: jina lililosafiri mbali kuliko shamba lake

Malindi, ambako Waitaliano wameishi na kufungua mikahawa kwa miaka mingi, kopo la nyanya kutoka Italia si kitu cha ajabu dukani. Huko ndiko nilikonunua langu la kwanza: gramu 400, jina San Marzano kwa herufi kubwa, mlima unaofuka moshi umechorwa juu ya shamba, na bendera ya kijani, nyeupe na nyekundu imezungushwa mdomoni mwa kopo. Nililipa pesa ambazo zingeninunulia nyama. Nyumbani nikalifungua, nikakuta vipande vigumu vya mraba vikielea kwenye maji mekundu, vikali kama vimetiwa ndimu. Nikaigeuza lebo na kuisoma neno kwa neno. Haikusema popote nyanya zile zililimwa wapi. Ilisema tu kwamba zimepakiwa Italia.

Hasira ya siku ile ndiyo iliyonisukuma kuifuatilia historia ya jina hili. Ni jina la mji mdogo, San Marzano sul Sarno, ulio kwenye bonde la mto Sarno karibu na Naples. Wakulima wa bonde hilo walilitolea jasho, na wengine wamelila kwa miaka mingi bila kupanda hata mche mmoja.

Nyanya yenyewe, tungule kwa watu wa pwani, ni mgeni Italia, kama ilivyo mgeni kwetu. Ilitoka Amerika pamoja na mahindi na pilipili, ikavushwa bahari na Wahispania. Mwaka 1544 tabibu Pietro Andrea Mattioli aliieleza katika kitabu chake cha dawa na mimea, na miaka 10 baadaye akaliandika jina ambalo Waitaliano wanalitumia hadi leo, pomodoro, yaani tofaa la dhahabu. Oktoba 1548 kapu la nyanya lilipelekwa Pisa kwa mtawala wa Florence, Cosimo de' Medici, kutoka shamba lake mwenyewe, na msimamizi wa nyumba akaandika barua kuarifu kwamba kapu limefika salama. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo tunda hilo lilitazamwa kuliko lilivyoliwa.

Mapishi ya kwanza ya sosi ya nyanya tunayoyajua kutoka Italia yalichapishwa Naples katika miaka ya 1690, katika kitabu cha Antonio Latini. Choma nyanya mbivu kwenye makaa, zimenye, zikatekate, changanya na vitunguu, pilipili, chumvi, mafuta na siki. Mtu wa pwani akiyasoma atasema hii ni kachumbari, ila nyanya zake zimepita motoni.

Anayeuza nyanya anajua balaa lake: huiva kwa pamoja na kuoza kwa pamoja. Agosti bonde zima la Sarno ni jekundu, na Desemba hakuna hata moja. Wakulima wa zamani walizichemsha, wakaanika rojo juani mpaka likawa jeusi na gumu la kukatwa kwa kisu. Hilo ndilo babu wa ile nyanya ya kopo tunayoikoroga kwenye mchuzi. Ladha yake ni nzuri, lakini ni ladha ya jua na ya moto. Utamu wa nyanya mbichi haupo tena.

Ufumbuzi ulitoka Ufaransa. Mwaka 1810 Nicolas Appert alipewa zawadi ya faranga 12,000 na serikali yake kwa kuonyesha kwamba chakula kilichofungwa ndani ya chupa bila hewa na kuchemshwa hakiharibiki. Mwaka huohuo Peter Durand akasajili Uingereza hataza ya kutumia vyombo vya bati. Italia ilisubiri hadi mwaka 1856, kijana wa miaka 20 aitwaye Francesco Cirio alipoanza kuhifadhi njegere mjini Torino, kaskazini kabisa. Kampuni iliyobeba jina lake baadaye ilihamia kusini, karibu na mashamba ya nyanya, na viwanda vingine vikaota kuzunguka Naples.

Hapo ndipo nyanya ya San Marzano ilipopata bahati yake. Husimuliwa kwamba mbegu ililetwa mwaka 1770 kama zawadi kutoka Peru kwa mfalme wa Naples. Ni hadithi inayopendwa bondeni, na iachwe iwe hadithi. Ambalo halina ubishi ni umbo lake. Ni ndefu, imechongoka nchani, ina vyumba viwili tu vya mbegu pale ambapo nyanya za duara huwa na vinne au vitano, nyama ni nyingi na maji machache. Zaidi ya yote, ukiichovya kwenye maji ya moto ganda linatoka kama soksi. Kwa kiwanda kinachomenya mamilioni ya nyanya, ganda kutoka kirahisi ni utajiri. Inalimwa kwenye udongo wenye majivu ya volkano ya Vesuvius, inaegemezwa kwenye miti na kamba kwa sababu mmea wake hurefuka kupita kimo cha mtu, na kwa kuwa nyanya zake haziivi zote siku moja, wachumaji hurudi shambani mara kadhaa msimu mzima.

Kati ya mwaka 1880 na 1924 Waitaliano zaidi ya milioni 4 walihamia Marekani, wengi wao kutoka kusini. Walizitaka nyanya za kwao, na makopo yakawafuata kwa meli hadi New York. Biashara ilinoga mpaka mwaka 1930, Marekani ilipopandisha ushuru. Ndipo alipoingia mwanamke wa Brooklyn, Tillie Lewis. Kwa kushirikiana na mfanyabiashara wa Naples, Florindo Del Gaizo, aliyempatia mbegu na mtaji, alizipanda nyanya ndefu za Kiitaliano huko Stockton, California, na mwaka 1935 akaanza kuzipakia. Wengi walikuwa wamemwambia hazitaota kule. Ziliota, naye akatajirika.

Simlaumu Tillie Lewis. Alifanya kazi ya kweli na mbegu haina pasipoti. Lakini tangu hapo jina na shamba vilianza kuachana. Mbegu ya San Marzano unaweza kuipanda popote, kisha ukaandika jina lake kwenye kopo kwa sababu ni jina la aina ya nyanya. Sheria ya Marekani hadi leo hailizuii.

Damu yake imefika hata kwetu. Mwaka 1955 wataalamu wa kilimo wa serikali ya Marekani, kituo cha Beltsville, walitoa aina mpya waliyoipata kwa kuchanganya San Marzano na nyanya nyingine mbili. Waliiita Roma. Baadaye ikaja Roma VF, herufi zikimaanisha kwamba inastahimili aina mbili za mnyauko, na hiyo ndiyo ambayo wakulima wengi wa Kenya na Tanzania wameipanda miaka nenda miaka rudi, kwa kuwa ganda lake gumu huvumilia kusukwasukwa ndani ya tenga.

Wakati mzao huyo akienea duniani, San Marzano mwenyewe alikuwa karibu kufa. Katika miaka ya 1980 virusi vya mozaiki viliyashambulia mashamba ya Sarno. Wakulima waling'oa San Marzano wakapanda chotara, na kilimo kikubwa kikahamia nyanda za Foggia, upande wa pili wa nchi. Mbegu iliokolewa na watafiti waliokusanya miche michache iliyobaki na kuichuja tena. Mwaka 1996 Umoja wa Ulaya ukaipa nyanya hiyo ulinzi wa asili uitwao DOP, kwa jina refu: Pomodoro San Marzano dell'Agro Sarnese-Nocerino.

Jina hilo refu ndilo la kutafuta, lote, si San Marzano peke yake. Pembeni yake pawe na duara jekundu na la manjano la Umoja wa Ulaya, nembo ya chama cha wakulima na wasindikaji wake, na namba ya pekee ya kopo hilo. Halafu tazama kilichomo. DOP huuzwa nzima iliyomenywa au imepasuliwa kwa urefu. Ikiwa imekatwa mraba au imesagwa, si yenyewe, hata lebo iseme nini. Kile kinachofanya vipande vya mraba viwe vigumu mara nyingi ni kloridi ya kalsiamu, ambayo huzuia nyanya isivunjike hata ukiichemsha saa nzima. Kwa nyanya nzima kutoka Italia angalia pia uzito bila maji: kopo la gramu 400 linatakiwa kuwa na nyanya zisizopungua gramu 240.

Hata Italia kwenyewe jina linaibwa. Mwaka 2010 polisi wa Carabinieri walikamata zaidi ya tani 1,400 za nyanya za kopo zilizobandikwa jina la DOP isivyo halali. Rojo ndilo lenye mashaka zaidi, kwa kuwa linasafirishwa kwa mapipa kutoka nchi nyingine na kuongezwa maji kiwandani. Desemba 2024 BBC ilitangaza uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya rojo lililouzwa Uingereza na Ujerumani kama la Italia lilionekana kuwa na nyanya za Xinjiang, China. Maduka yaliyouza yalipinga matokeo hayo.

Jambo moja halimo kwenye lebo yoyote, nami siwezi kuliruka. Nyanya nyingi za kopo za Italia leo hutoka Foggia, na katika wachumaji wake wamo Waafrika wengi, vibarua wanaokusanywa alfajiri na manyapara, wakalipwa kwa kreti. Agosti 2018, katika siku tatu, 16 kati ya vibarua hao walikufa katika ajali mbili za barabarani wakitoka shambani. Gari zao ndogo, zilizojazwa watu, ziligongana na malori. Sheria ya mwaka 2016 ilikuwa tayari imeongeza adhabu kwa manyapara na kwa waajiri wanaowatumia. Kopo la nyanya nzima linalouzwa kwa bei ya kutupa lina mtu aliyelipa tofauti ya bei hiyo.

Miezi kadhaa baadaye nilipata kopo la kweli, nikaandika namba yake kwenye daftari kabla ya kulifungua. Nyanya zilikuwa tano, zimelala ndani ya maji mazito yao wenyewe. Nikaibonyeza moja kwa vidole viwili. Ikaachia bila kubisha, ikabaki nyuzinyuzi, mbegu chache na harufu ya nyanya iliyoiva ikiwa bado mtini. Mafuta, kitunguu saumu, chumvi, jani la mrehani. Dakika 20 zilitosha, na sikuhitaji sukari.

Kesho yake nilikwenda sokoni Kongowea. Mbele ya matenga nikamwamkia mama muuzaji, nikamuuliza, "Mama, hizi tungule ni Roma?"

"Ni Roma, mwanangu. Zimeingia usiku kutoka Loitokitok. Chagua zenye ncha, ndizo nzito."

Nikachukua fungu, nikapasua moja palepale kwa kisu chake. Vyumba vitatu, nyama nene, maji kidogo.