Nyumba za mulongo: mbele ya kampuni, nyuma ya jamaa

Mara hii tunasimulia juu ya nyumba, maana mu mikutano yetu mabishano mingi inatokea paka pale: nani mwenye lupangu, na nani anakaa nyuma.

Reli ilifika hapa mu mwaka 1910, ikitoka Rhodesia, na ile mwaka njo wazungu walianza kuchora barabara zenye kunyooka, wakifuata mufano wa Bulawayo. Mu 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa kando ya muto Lubumbashi. Wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyozaliwa mu 1906, walikuwaka wengi wanaume peke yao, na mukataba mufupi. Kambi zilifuata mufano wa migodi ya Afrika ya Kusini: watu wengi mu chumba kimoja. Magonjwa ya mapafu na ya tumbo iliua wengi, na kampuni ilikuwa inatafuta watu wapya kila siku.

Njo maana, kutoka karibu 1928, ilibadilisha mupango: mukataba wa miaka tatu, bibi na watoto wakuje, na polepole jamaa moja nyumba moja. Nyumba za matofali, sura moja, zimepangwa mulongo, ili mukubwa wa kambi, yule wazee walimwita Changachanga, aone kambi yake bila shida.

Zilikuwa nzuri kuliko zile za kwanza, hatukatai. Lakini nyumba ilihesabiwa pamoja na mushahara, sawa vile posho. Mu mwezi wa 12 ya 1941 wafanyakazi waligoma juu ya mushahara mudogo; tarehe 9 askari waliwapiga risasi ku kiwanja cha mupira hapa Lubumbashi, na watu wengi walikufa. Tena kazi ikiisha, funguo inarudia kwa kampuni. Muzee anarudi mu mugini, ao anaenda kutafuta lupangu kule Kenya ao Katuba.

Nyumba za mulongo haziko kwetu tu. Kule Uingereza, mu muji wa Bath, kuko mulongo wa nyumba 30 unaoitwa Royal Crescent, uliojengwa kutoka 1767 mpaka 1774. Fundi John Wood, mutoto wa fundi wa jina lile lile, alichora mbele tu: mawe sawasawa, nguzo sawasawa, mwanzo mpaka mwisho. Kila munuzi alipata kipande chake cha mbele, kiisha nyuma alijenga vile alitaka. Mpaka leo ukipita nyuma, sura ile moja huioni tena. Lakini nyuma ilikuwa yake sawa na mbele.

Kwetu pia nyuma njo kulibadilika: jiko, chumba cha kupangisha, nyumba ndogo ya ndugu. Mu 2003, wakati wafanyakazi 10 655 wa Gécamines waliacha kazi, kule kuliitwa kuondoka kwa kupenda, nyuma njo ililisha watoto. Chumba kilipangishwa, na mama akauzisha makala na bunga ku mulango.

Na ni nyuma njo tulipokelewa sisi tuliorudi. Ndugu alituonyesha chumba, akasema: "Kaa hapa." Tukaongeza matofali yetu, tukaongeza mabati yetu. Lakini karatasi ya lupangu iko na jina la ndugu paka yeye. Siku atakufa, watoto wake watakuja na karatasi, na wewe utabakia na masimulizi.

Kwa hiyo chama kinaomba kila mutu anayekaa nyuma aandike pamoja na ndugu yake, wote wawili wakingali wazima: nani alijenga nini, mwaka gani, kwa feza ya nani. Mashahidi wawe wawili, mumoja wa jamaa na mumoja wa chama. Mwenye lupangu asiogope: ile karatasi inalinda yeye pia. Katibu atakuja na daftari mu mukutano unaofuata.