Tezo, Randa na Benchi la Kanisa

Katika jubilei hii tunawakumbuka maaskofu, mapadre, masista na makatekista waliotutangulia. Walakini kuna watumishi wengine wasioandikwa kitabuni, nao ni tezo, shoka, patasi, randa na msumeno. Sisi tumeona vema kusimulia habari zao kwa ufupi.

Hapo kale wazee wetu wa Mara walijua sana kuchonga. Kinu na mchi, kigoda, mzinga wa nyuki na mpini wa jembe, vyote vilitoka katika shoka na tezo. Nayo tezo ya kienyeji imeundwa kwa akili. Chuma chake kina mkia mwembamba upenyao kichwa cha mpini, na kila pigo hukikaza zaidi. Tena fundi akipenda hukichomoa, akakigeuza ubavu, na mara tezo imekuwa shoka.

Chuma hicho kilitoka kwa nani? Kilitoka kwa wahunzi. Miongoni mwa Wazanaki, upande wa Butiama, wahunzi waliitwa Waturi. Watu wote walihitaji majembe na tezo zao, lakini waliwatenga, wala hawakuoana nao. Tazameni basi ajabu hii: mkulima alikalia kigoda kilichochongwa kwa chuma cha Mturi, na Mturi mwenyewe hakumtaka awe mkwe wake.

Ziwani nako mafundi waliunda mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Gogo lilipasuliwa kwa kabari, na kila nusu ikachongwa kwa tezo hata ikawa ubao. Yaani gogo zima lilitoa mbao mbili tu, na nyingine yote ikawa vibanzi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, misumeno na misumari ilianza kuvuka ziwa kwa wepesi. Kwa msumeno gogo lile lile hutoa mbao nyingi, na misumari ikashika mahali pa kamba.

Mwaka 1911 Mapadre Weupe walianza misioni ya Nyegina, karibu na Musoma. Mabruda wa shirika lao walijulikana kila mahali kwa ujenzi na useremala, maana kanisa halisimami kwa mahubiri peke yake. Lataka milango, madirisha, altare na mabenchi. Kazi ya namna hii ni tofauti na uchongaji wa wazee. Tezo hupunguza mti mmoja mpaka sura itokee. Randa, patasi na msumeno huunganisha miti mingi: huku ulimi, huku tundu, na vikikutana vyashikana hata bila msumari.

Katika viungo hivyo sisi twaona habari kubwa. Kigoda ni cha mtu mmoja, tena mara nyingi ni cha mzee mwenye heshima. Benchi la kanisa halimjui mkubwa wala mdogo. Mtoto wa mhunzi na mtoto wa mkulima hukaa ubao mmoja, nao hupiga magoti pamoja. Hatusemi kwamba ubaguzi ulikwisha siku benchi lilipoingia. Mioyo ya watu ni migumu kuliko mti wa mgunga. Lakini twasema kwamba benchi lilifundisha kila Jumapili, hata padre alipokuwa amenyamaza.

Naye Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alibatizwa mwaka 1943. Mwaka 1967, akiwa Rais, aliandika Elimu ya Kujitegemea, akawaonya walimu kwamba shule isimtenge mtoto na kazi ya mikono. Jimbo la Musoma, lililoundwa mwaka 1957, na jimbo la Bunda, lililoundwa mwaka 2010, yana shule nyingi. Onyo hilo latuhusu sote.

Maana siku hizi mashine hufanya kazi upesi, na tezo za wazee zinashika kutu darini. Hatuzikatai mashine. Twaomba tu kwamba mwalimu, akiisha kuweka chaki, ashike tezo jioni kwa kujifurahisha. Sisi tulijaribu. Kigoda chetu cha kwanza tulikianika juani, nacho kikapasuka toka ukingo hata katikati. Mzee mmoja akacheka, akatuambia kwamba mti mbichi ni mwepesi kuchongwa, bali hukaushwa kivulini, polepole, na wengine hufukia kigoda katika samadi ili kisikauke kwa haraka. Cha pili kikapona. Tukakisugua kwa majani ya msasa hata kikawa laini. Basi elimu ile haikuwa katika kitabu cho chote tulichosoma. Ilikuwa kwa mzee, na mzee hadumu milele.

Kwa hiyo, ndugu, kila parokia imtafute mchongaji wake angali hai, imwekee vijana wawili watatu wakae naye. Na anayekata mti apande mingine, kwa kuwa tezo bila mti ni chuma tu. Mwaka 1955 Papa Pius wa 12 aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala na watu wa kijiji chake, nao walisema hivyo kwa dharau. Sisi tuliseme neno hilo kwa heshima.

Mtakatifu Yosefu atuombee.