Mwana wa Kadhi Mbele ya Kamera

Mwaka 1930, mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa gazeti dogo aliloliita Sahifa. Lilikuwa la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, maana hizo ndizo hati ambazo watu wengi wa mji walizijua tangu chuoni, walikosomea Kurani. Miaka miwili baadaye akaanzisha Al-Islah. Mwanachuoni wa cheo chake asingelaumiwa kama angebaki na vitabu vyake na wanafunzi wake wa darsa. Yeye aliona kwamba walio wengi hawafiki darsani, akawafuata huko huko barazani na sokoni. Tena aliandika, kwa Kiarabu, historia ya ukoo wake, Mazrui walioitawala Mombasa kwa takriban karne moja hadi Seyyid Said wa Oman alipowaondoa mwaka 1837.

Katika nyumba hiyo alizaliwa Ali, tarehe 24 Februari 1933. Baba, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikusudia kumpeleka Al-Azhar, Cairo. Hakuwahi. Alifariki mwaka 1947, mwanawe akiwa na miaka 14. Mtihani wa Cambridge nao ukamwendea vibaya kijana: alipata daraja la tatu, na Chuo cha Makerere, Kampala, hakikumchukua. Akawa karani katika MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kilichomtoa pale ni ulimi wake. Katika sherehe moja ya Maulidi karani huyo alisimama akahutubia, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo gavana wa Kenya, Philip Mitchell. Hotuba ilimgusa gavana, na kutokana nayo ukapatikana ufadhili wa masomo. Mwaka 1955 Ali alikwenda Huddersfield, Uingereza, kumalizia sekondari akiwa mtu mzima wa miaka 22. Kutoka hapo hakuzuilika: Manchester, Columbia, Oxford. Mwaka 1963 akaingia Makerere kufundisha, chuo kile kile kilichomkataa.

Somo lake lilikuwa siasa, si historia, na wako wanahistoria waliomkumbusha jambo hilo maisha yake yote. Lakini watu waliojaa ukumbini Kampala walikuja kuielewa Afrika yao, na hawakuuliza cheti kinasemaje. Aliandika pia katika jarida la Transition, lililotoka Kampala hiyo hiyo. Mwaka 1966, miezi michache baada ya Rais Nkrumah wa Ghana kupinduliwa, alimchambua humo kuwa mfuasi wa Lenin aliyetamani ufalme, na hasira ikawaka kote barani. Mwaka uliofuata alibuni neno Tanzafilia, kuwataja wasomi walioipenda Tanzania ya Mwalimu Nyerere kiasi cha kutoona kasoro zake. Aliyasema hayo akiwa jirani, wakati ambapo Dar es Salaam ilikuwa kibla ya wapigania uhuru. Idi Amin alipotwaa nchi, mahali pa msemaji wa namna hii palizidi kuwa finyu. Mwaka 1973 aliondoka Uganda, na baadaye akapata makazi Chuo Kikuu cha Michigan.

Mwaka 1979 BBC ilimwalika kutoa mihadhara ya Reith, mihadhara sita ya redio juu ya hali ya Afrika. Hapa ndipo ufundi wake unapoonekana vizuri. Msikilizaji wa redio hana ukurasa wa kurudia. Neno likimpita limempita. Mazrui alijenga kila mhadhara juu ya kinzano moja, jambo lenye umbo la kitendawili, kwa mfano hili: bara lililokaliwa na binadamu kabla ya mengine yote ndilo lililochelewa zaidi kuwa makazi ya raha. Mtu akishalisikia hilo, hawezi kuzima redio kabla hajapewa jibu. Naamini aliijua njia hiyo tangu utotoni, katika mji ambao watoto hulala na vitendawili. Njia hiyo ina hatari yake. Umbo likiwa tamu sana, ushahidi hukatwa ili ukae ndani yake, na si kila mara Mazrui aliepuka hilo.

Kisha ikaja televisheni. Mwaka 1986 BBC na televisheni ya umma ya Marekani walionyesha The Africans: A Triple Heritage, mfululizo wa sehemu tisa, yeye mwenyewe akiwa mwandishi na msimulizi mbele ya kamera. Hoja yake ni kwamba Afrika ya leo imerithi mara tatu: mila zake yenyewe, Uislamu, na Magharibi. Wazo la mirathi hiyo mitatu Nkrumah alikwisha kuliandika. Mazrui alilipa sura na sauti. Kwa mtoto wa Mombasa hiyo haikuwa nadharia hata kidogo. Alikuwa ameikuta nyumbani kabla hajajua kusoma.

Marekani ilishtuka kujiona ikisimuliwa na Mwafrika. Lynne Cheney, mkuu wa mfuko wa serikali uliokuwa umechangia karibu dola 600,000, aliona kazi ile imeelemea dhidi ya Magharibi, akataka jina la mfuko liondolewe kwenye filamu. Lawama zilitoka Afrika pia. Mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka, alidai kwamba dini za jadi zimepunjwa na Uislamu umependelewa, nao wakajibizana kwa maneno makali. Katika hili namuona Soyinka ana sehemu ya haki: mirathi ilikuwa mitatu, lakini mikono ya mgawaji haikuwa na uzito mmoja.

Jambo ambalo bado linaniuma ni lugha. Baba aliandika kwa Kiswahili ili mji wake umsome. Mwana alipata dunia nzima, na akaipata kwa Kiingereza. Bibi aliyekaa barazani Mji wa Kale, mwenye mirathi yote mitatu mwilini mwake, hakusemeshwa na filamu ile kwa lugha yake.

Profesa Ali Mazrui alifariki Marekani tarehe 12 Oktoba 2014. Kwa wosia wake alirudishwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mazrui, chini ya kuta za Fort Jesus.