Somo la Dakika 40

Januari 1999, walimu wa darasa la tano hadi la saba katika baadhi ya shule za vijijini mkoani Mwanza walianza kufundisha mambo yaliyozoeleka kuachiwa bibi na shangazi: balehe, mimba, magonjwa ya zinaa, UKIMWI. Mradi uliitwa MEMA kwa Vijana. Kila darasa lilipata vipindi kama 12 kwa mwaka, vya dakika 40, na waelimishaji rika waliigiza michezo mifupi mbele ya wenzao. Wahudumu wa zahanati nao walifunzwa kumhudumia kijana bila kumfokea. Kondomu haikuonyeshwa darasani. Utaratibu wa shule za msingi haukuruhusu.

Jamii 20 ziligawanywa kwa kura, 10 zikapata mradi, 10 zikabaki za kulinganishia. Miaka mitatu baadaye vijana wa mradi walijibu maswali vizuri kuliko wenzao. Lakini vipimo vya damu havikuonyesha nafuu, si kwa VVU wala kwa malengelenge ya sehemu za siri. Watafiti walirudi 2007 na 2008, wakapima zaidi ya watu 13,000. Hali ilikuwa ileile.

Sishangai. Binti anaweza kupata alama zote za mtihani, ila mwanamume anayempa hela ya sabuni hakai kwenye dawati lile.

Magharibi mwa Kenya, mwaka 2004, mchumi Pascaline Dupas alijaribu jambo dogo zaidi. Kati ya shule 328, wanafunzi wa darasa la nane katika shule 71 walipewa somo moja tu la dakika 40. Walitazama katuni ya msichana aitwaye Sara, kisha wakaonyeshwa takwimu za VVU za mji wa Kisumu, rika kwa rika, wanaume kwa wanawake. Wasichana wakajionea kwamba wanaume watu wazima wameambukizwa kwa wingi kuliko wavulana wa rika lao. Ndani ya mwaka mmoja mimba zikapungua kwa asilimia 28, hasa za wanaume wakubwa. Mtaala rasmi, uliosisitiza kujiepusha na ngono hadi ndoa, haukupunguza mimba.

Mwishoni mwa muongo huohuo, redio za Tanzania zilimleta Fataki, mtu mzima mwenye pesa anayewinda wanafunzi. Safari hii hakuachiwa binti peke yake kazi ya kukataa: katika matangazo yale mtu wa pembeni huingilia kati, na Fataki huondoka mikono mitupu.