Ganda la Jozi: Rangi na Sumu Mahali Pamoja

Jozi wengi wetu twaijua ikishabanguliwa, imekaa dukani pamoja na lozi na zabibu kavu. Mtini haiko hivyo. Juu ya lile ganda gumu kuna ganda jengine la kijani, nene, lenye majimaji, kama kumbi la dafu. Hilo ndilo hutupwa, na hilo ndilo lenye historia.

Ukilimenya kwa mikono mitupu, vidole hugeuka hudhurungi na sabuni haifui dafu. Pliny, mwanachuoni wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba ganda hilo hutia rangi sufu, na jozi changa hufanya nywele ziwe nyekundu. Akasema pia kivuli cha mjozi ni kizito, chamdhuru mtu kichwani na hata mimea iliyo jirani. Kwa hivyo habari zote mbili, ya rangi na ya madhara, ni za kale sana.

Kule Amerika Kaskazini kuna mjozi mweusi. Wenyeji waliponda maganda yake mabichi wakayatia kwenye dimbwi la mto. Samaki wakalewa, wakaelea, watu wakaokota. Si jambo geni, hata kwetu utupa umefanya kazi hiyo hiyo. Ubaya wake ni kuwa sumu haichagui, wadogo kwa wakubwa huelea pamoja, na majimbo mengi ya Marekani sasa yameipiga marufuku.

Wacherokee nao walichemsha maganda na mizizi kupaka rangi vikapu vyao. Mwaka 1838 serikali ya Marekani iliwafukuza wengi wao kwenda magharibi, na maelfu wakafa. Waliobaki kwenye milima ya North Carolina wangali wanasuka, na hudhurungi yao ni ya jozi mpaka leo.

Sasa mna nini ndani ya ganda hilo? Wanakemia waliita jugloni. Na hapa dada zetu wanaongojea Idd watashangaa: jugloni na rangi ya hina ni ndugu wa tumbo moja! Zote zina kaboni 10, haidrojeni 6 na oksijeni 3, tofauti ni mpangilio tu. Zote hushikana na protini ya ngozi, ndiyo maana hazitoki. Lakini usijaribu kulifanya hina, kwani jugloni huweza kuwasha na kubabua.

Mwaka 1925 mtafiti mmoja wa Virginia aliandika kuhusu nyanya zilizonyauka pale ilipofika mizizi ya mjozi mweusi. Wengine leo wasema huenda ni kivuli na kugombania maji. Mimi Pliny nampa nusu ya haki.

Ganda likioza chini, mambo huzidi: ukungu wake huweza kutoa sumu inayomtetemesha mbwa aliyelila. Na farasi akilazwa juu ya maranda ya mbao ya mjozi mweusi, huweza kuvimba miguu kabla siku haijaisha.