Rusty Bugles: kutoka jukwaani hadi runingani

Tamthilia ya Rusty Bugles ya Sumner Locke Elliott inahusu kambi ya ghala la jeshi huko Mataranka, kaskazini mwa Australia, ambako mwandishi mwenyewe alitumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Adui haonekani kabisa. Askari wanahesabu siku za likizo, wanangoja barua, wanagombania vitu vidogo na kutukanana. Kisa ni chembamba. Uhai wote umo katika mazungumzo.

Matusi hayo ndiyo yaliyoiponza. Ilipoanza kuonyeshwa Oktoba 1948 katika ukumbi wa Independent Theatre, Sydney, chini ya Doris Fitton, serikali ya jimbo la New South Wales iliipiga marufuku kwa sababu ya lugha yake. Maneno yakapunguzwa makali, marufuku ikaondolewa, na kelele zile zikawa tangazo ambalo ukumbi mdogo usingeweza kulilipia. Elliott hakuyashuhudia hayo. Alikuwa amekwisha kuhamia Marekani, ambako alikuja kuandika tamthilia za televisheni zilizorushwa moja kwa moja kutoka New York.

Kwao Australia televisheni ilianza mwaka 1956 tu. Shirika la utangazaji la ABC lilifungua kituo chake cha Sydney tarehe 5 Novemba, na usiku uleule likarusha The Twelve-Pound Look, tamthilia fupi ya Mskoti J. M. Barrie. Miaka iliyofuata ilishika njia hiyohiyo: nyingi zilikuwa tamthilia za ng'ambo zilizokwisha kupimwa majukwaani, zikaigizwa studioni na kurushwa papo hapo. Kabla ya kebo ya kuunganisha Sydney na Melbourne kufunguliwa mwaka 1962, mji wa pili uliletewa filamu iliyopigwa kutoka kwenye skrini, picha zake zikiwa hafifu. Kazi za Waaustralia zilipenya polepole, kama Ned Kelly ya Douglas Stewart mwaka 1959.

Zamu ya Rusty Bugles ilifika mwaka 1965, ABC ilipoirusha chini ya uongozaji wa Alan Burke. Tamthilia ya vibanda vya askari haikuhitaji kupanuliwa ili itoshe studioni, na kamera iliweza kuusogelea uso wa askari kwa namna ambayo mtazamaji wa safu ya nyuma ukumbini hakuijua. Kuchoshwa na jeshi nako hakukuwa tena kumbukumbu ya wazee: Machi mwaka huohuo vijana wa miaka 20 walianza kuchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kujiunga na jeshi, na Aprili serikali ikatangaza kupeleka kikosi Vietnam.